Kombania: Historia ya Kikosi Kinachoachwa Peke Yake

Jeshi hupangwa kwa ngazi. Askari wachache hufanya seksheni, seksheni hufanya platuni, platuni tatu au nne hufanya kombania, kombania kadhaa hufanya batalioni, na batalioni hufanya brigedi. Katika ngazi hizo kombania ina sifa ambayo platuni haina: ndicho kikosi kidogo kuliko vyote kinachoweza kutumwa mbali, kikaachwa huko, kikajiendesha. Platuni hutoka kambini ikitegemea kurudi. Kombania huenda na mkuu wake, sajinimeja wake, stoo yake, jiko lake na daftari la majina ya watu wake. Batalioni nayo ni kubwa mno. Mahali penye kisima kimoja na vijiji vichache haiwezi kukaa mwezi bila kumaliza chakula cha wenyeji.

Kwa sababu hiyo historia ya kombania katika Afrika Mashariki haikomei kwenye vita. Dola za kigeni zilipotaka kushika nchi kubwa kwa fedha kidogo na wazungu wachache, zilipima nchi kwa kombania: hapa moja, pale moja, na katikati njia ya miguu ya siku nyingi. Kupanda na kuanguka kwa mpango huo kunaeleza mengi kuhusu jinsi tulivyotawaliwa, nani alihesabiwa kuwa askari na nani alibeba mzigo bila kuhesabiwa.

1889–1891: Kutoka Cairo hadi Bagamoyo

Mwaka 1888 Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki ilipata kwa Sultani Khalifa wa Unguja haki ya kusimamia bandari na kutoza ushuru wa pwani. Watu wa mrima walikataa. Pangani waliongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye mashamba ya miwa. Saadani waliongozwa na Bwana Heri bin Juma. Katika miezi michache kampuni ilibakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena kwa msaada wa manowari.

Wafanyabiashara walioshindwa waliita dola. Mwanzoni mwa 1889 Bunge la Ujerumani liliidhinisha fedha, na Hermann von Wissmann akapewa kazi ya kuunda jeshi la kukodi. Alikwenda Cairo, ambako Wasudani wengi waliowahi kulitumikia jeshi la Misri walikuwa hawana kazi baada ya Sudan kuangukia mikononi mwa waasi wa Mahdi. Aliandika mkataba na watu wapatao 600. Wengine aliwapata kusini mwa Msumbiji, nao wakaitwa Wazulu. Aliwagawa kwa kombania, Wasudani na zao, Wazulu na yao, kila moja chini ya ofisa wa Kijerumani.

Wasudani walikuja na wake zao, watoto wao na vyeo vyao vya Kituruki walivyovizoea Misri: ombasha, shaushi, sol, efendi. Wajerumani waliviacha vyeo hivyo viendelee kwa sababu vilikuwa vinafanya kazi. Ofisa kijana aliyetoka Ulaya jana hakuweza kuongoza watu 100 wasioelewa lugha yake; aliyewaongoza hasa ni shaushi na sol, na ofisa alipitia kwao. Tangu mwanzo, basi, kombania ya Afrika Mashariki ilikuwa na uti wa mgongo wa Kiafrika. Neno afande, ambalo kila kuruta wa leo hulitamka mara mia kwa siku, ni mabaki ya efendi wale.

Tarehe 8 Mei 1889 kombania hizo zilivamia boma la Abushiri karibu na Bagamoyo na kulivunja. Abushiri alikimbilia bara, akakamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Bwana Heri alisalimu amri mwaka uliofuata. Machi 1891 sheria ya Ujerumani ililigeuza jeshi la kukodi kuwa jeshi rasmi la koloni. Kazi ya kushika bandari ilikuwa imekwisha. Sasa macho yalielekea bara.

Agosti 1891: Lugalo

Mkuu wa kwanza wa jeshi hilo jipya alikuwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Katikati ya 1891 alipanda kutoka pwani kwenda Uhehe akiwa na askari zaidi ya 300, wapagazi, bombom (bunduki za rasharasha) na mizinga midogo. Aliyekuwa akimwendea ni Mtwa Mkwawa, mtawala aliyekuwa amejenga dola yenye nguvu kuliko zote katika nyanda za juu za kusini.

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti msafara ulipita Lugalo, mashariki ya Iringa, mahali penye vichaka na mawe makubwa kando ya njia. Njia ilikuwa ya mtu mmoja, kwa hiyo kombania zilitembea kwa mstari mrefu, askari nyuma ya askari, wapagazi katikati. Wahehe walikuwa wamejificha pande zote wakiongozwa na Mpangile, nduguye Mkwawa. Ishara ilipotolewa walitoka kwa mikuki, karibu mno kwa bunduki kufaa kitu. Askari wengi walipata nafasi ya kufyatua risasi moja au mbili. Kwa muda mfupi Zelewski alikuwa amekufa pamoja na Wajerumani wengine, wote 10, askari karibu 250 na wapagazi karibu 100. Kikosi cha nyuma peke yake, chini ya Luteni von Tettenborn, kilijikusanya juu ya kilima na hatimaye kikarudi pwani.

Lugalo ilionyesha udhaifu wa mpango wote. Kombania iliyopangwa katika mraba kwenye uwanja, bombom zikiwa tayari, ilikuwa vigumu kuivunja. Kombania ileile ikiwa njiani ilikuwa uzi mrefu, na uzi hukatwa popote. Wajerumani walijifunza. Hawakurudi Uhehe haraka. Waliporudi mwaka 1894 chini ya Gavana von Schele waliteka Kalenga tarehe 30 Oktoba, na hata hapo hawakumpata Mkwawa. Ndipo walipobadili njia: mwaka 1896 Tom von Prince alijenga boma la Iringa, kikosi kikakaa hapohapo, na kwa miaka miwili doria zilitoka na kurudi, zikichoma vyakula na kuadhibu waliomficha. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijiua badala ya kukamatwa.

1898–1907: Boma na kombania

Kutoka hapo boma na kombania vilikwenda pamoja. Boma lilikuwa kuta za mawe au udongo, bendera, ghala, gereza na mahakama. Kombania iliishi kando yake katika kijiji cha askari, kila mtu na nyumba yake, mke wake, wanawe, na mara nyingi mtumishi wake. Mkuu wa kombania katika wilaya za kijeshi ndiye aliyekuwa pia mkuu wa wilaya: alitoza kodi, aliamua kesi, alichagua maakida na majumbe, na aliadhibu kwa kiboko. Kwa mkulima wa Mahenge au Iringa, serikali ya Ujerumani ilikuwa kapteni mmoja na askari wake. Berlin ilikuwa hadithi.

Askari wa Kisudani walizeeka, na nafasi zao zikajazwa na Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo waliokuwa wakiishi nchi hii. Kiswahili kikawa lugha ya kombania. Mtoto wa askari aliyezaliwa bomani alisikia amri za gwaride kwa Kijerumani na mambo mengine yote kwa Kiswahili, na baba yake alipostaafu alikuwa mtu mwenye jina katika mji. Hiyo ndiyo faida iliyowavuta watu jeshini: heshima, ng'ombe, watu wa chini yake. Ilipatikana kwa kuwakandamiza wengine, na wengi wa waliokandamizwa waliishi umbali wa kusikia tarumbeta la boma.

Julai 1905 watu wa milima ya Matumbi walikataa pamba ya kulazimishwa, na vita vya Maji Maji vikasambaa kusini yote. Mpango wa kombania moja kwa kila boma ukapimwa kwa mara ya pili. Tarehe 30 Agosti maelfu ya Wambunga na Wapogoro waliivamia Mahenge. Ndani kulikuwa na Kapteni von Hassel, askari wachache na bombom mbili. Waliovamia walitembea moja kwa moja kuelekea risasi wakiamini maji yatawalinda, na wakafa kwa mamia mbele ya kuta. Hata hivyo boma lilibaki limezingirwa mpaka Kapteni Nigmann alipofika na kikosi chake kutoka Iringa mwezi Septemba. Kombania moja iliokolewa na kombania jirani. Kama Iringa nayo ingezingirwa, hakuna ambaye angekuja kwa wakati.

Wakuu wa kijeshi waliona kwamba vikosi vyao vilikuwa vichache mno kushika kila bonde. Walichagua silaha isiyohitaji askari wengi: njaa. Doria zilichoma mashamba na maghala kutoka Ungoni hadi Umatumbi. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wetu, akiwemo Gilbert Gwassa, wamekadiria kati ya 250,000 na 300,000. Idadi ndogo ya askari haikuwafanya watawala kuwa wapole. Iliwafanya waue kwa njia ya mbali.

1902–1914: Upande wa pili wa mpaka

Waingereza walipita njia nyingine kufika mahali palepale. Tarehe 1 Januari 1902 waliunganisha vikosi vyao vya Nyasa, Kenya, Uganda na Somalia kuwa jeshi moja, King's African Rifles, ambalo askari wake waliliita Keya. Kwenye karatasi kipimo chake kilikuwa batalioni: ya 1 na ya 2 za Nyasa, ya 3 ya Kenya, ya 4 ya Uganda. Katika maisha ya kila siku batalioni hizo hazikuonana. Kila moja ilikatwa katika kombania ndogo za watu 75 hadi 125, zikatupwa mipakani na penye machafuko. Ofisa kijana akiwa na kombania yake alikuwa mbali na mkubwa wake kwa majuma, na aliyoyafanya yalijulikana yakiwa yamekwisha. Oktoba 1905, katika vita dhidi ya Wanandi, Richard Meinertzhagen wa batalioni ya 3 alimpiga risasi Koitalel arap Samoei katika mkutano uliopaswa kuwa wa mazungumzo. Kifo hicho kiliwavunja nguvu Wanandi, na kimebaki kidonda mpaka leo.

Mwaka 1911 Waingereza walivunja batalioni ya 2 ili kuokoa fedha. Askari waliokuwa wakijua kazi walibaki bila ajira, na wengi wao walivuka mpaka wakaandikwa na Wajerumani. Miaka mitatu baadaye walikuwa wakipigana na wenzao wa zamani.

1914–1916: Kombania 14 zinakuwa 60

Vita Kuu ilipoanza Agosti 1914, jeshi la Ujerumani hapa lilikuwa na kombania 14 za vita na askari wapatao 2,500. Orodha yake ni ramani ya nchi: ya 1 Arusha, ya 2 Iringa, ya 3 Lindi, ya 4 Kilimatinde, ya 5 Masoko, ya 6 Ujiji, ya 7 Bukoba, ya 8 Tabora, ya 9 Usumbura, ya 10 Dar es Salaam, ya 11 Kisenyi katika Rwanda, ya 12 Mahenge, ya 13 Kondoa Irangi na ya 14 Mwanza. Kila moja ilikuwa na askari wapatao 160, Wajerumani chini ya 20, bombom mbili au zaidi, mganga na wasaidizi wake, na wapagazi wa kudumu wapatao 250.

Mkuu wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amefika Januari ya mwaka huo. Alichokikuta kilikuwa jeshi la polisi lililotawanyika, nusu ya bunduki zake zikiwa za zamani zenye kutoa moshi mwingi. Lakini kile kilichoonekana udhaifu, yaani kila kombania kujitegemea, kilikuwa nguvu kwa vita aliyoitaka. Aliweza kuziunganisha kombania tatu kwa siku mbili chini ya mkuu mmoja, akazitenganisha tena, na hakuna aliyepungukiwa na jiko wala mganga.

Tanga ilithibitisha hilo. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walishusha askari wapatao 8,000 kutoka India. Lettow alizileta kombania zake kutoka Moshi kwa reli ya Usambara, moja baada ya nyingine, kadiri mabehewa yalivyoruhusu. Tarehe 4 Novemba, akiwa na watu wapatao 1,000, aliwapiga Waingereza ubavuni na kuwarudisha baharini. Tom von Prince, yule wa boma la Iringa, aliuawa siku hiyo. Waingereza waliacha ufukweni bunduki mpya kwa mamia na risasi zaidi ya nusu milioni, zilizotosha kuzipa silaha kombania tatu nyingine.

Ushindi huo uliwavuta watu jeshini, na nguvu iliwaingiza wengine. Mwanzoni mwa 1916 jeshi lilikuwa na Wajerumani karibu 3,000 na askari 11,300, na kombania zilikuwa zimefika 60 hivi.

Hesabu ya mizigo

Ili kuona kombania ilivyosimama, tuitazame ikitembea. Kombania ya askari 160 na wapagazi 250, pamoja na wake wa askari na watoto, ilikuwa watu karibu 500. Kwenye njia ya miguu mstari wao ulikaribia kilometa moja. Mbele ni doria, kisha askari, kisha bombom zilizofunguliwa vipandevipande, mtu mmoja na mtutu, mwingine na miguu yake, wengine na masanduku ya mikanda ya risasi. Nyuma yao ndoo, vyungu, mahema, dawa, na magunia.

Mpagazi alibeba kilo 25 hivi. Mtu anayetembea kutwa na mzigo anahitaji karibu kilo moja ya nafaka kwa siku. Maana yake ni kwamba mpagazi aliyebeba unga alibeba chakula cha watu 25 kwa siku moja, au chakula chake mwenyewe kwa siku 25. Kwa watu 500 kombania ilimaliza mizigo 20 kila kukicha. Safari ya siku kumi bila ghala njiani ilihitaji wapagazi 200 wa chakula peke yake, nao pia wanakula. Hesabu hii ndiyo iliyoamua vita. Kombania ilipaswa ama kuchukua wapagazi wengi zaidi, ama kuchukua chakula cha vijiji. Pande zote mbili zilifanya yote mawili.

Waingereza walipoingia kwa wingi mwaka 1916 chini ya Jenerali Smuts, mzigo wao ulikuwa mkubwa zaidi kwa sababu jeshi lao lilikuwa kubwa na njia zao ndefu. Waliunda kikosi cha wapagazi kilichoongozwa na Oscar Watkins, na kwa kushirikiana na mamlaka za koloni zote jirani waliwaandika watu wapatao milioni moja katika kipindi chote cha vita, wengi kwa kukamatwa. Kambi zao zimeacha majina yao: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Makadirio ya waliokufa huanzia 95,000. Wachache waliuawa kwa risasi. Waliobaki walikufa kwa kuhara damu, nimonia na unga usioiva, maana mtu aliyezoea ndizi au mtama alipewa mahindi yaliyosagwa vibaya, na baada ya kutwa ya kutembea hakuwa na kuni wala muda wa kuyapika.

Upande wa Wajerumani wapagazi waliokufa hawakuandikwa kabisa. Daftari la kombania lilikuwa na jina la kila askari, cheo chake na malipo yake. Mpagazi aliyeokotwa kijijini ili abebe mpaka mto unaofuata hakuwa na mstari wake. Mke wa askari aliyepika, aliyemfunga mumewe jeraha, aliyejifungua njiani na kesho yake akaendelea na safari, naye hakuwa na mstari. Kikosi kilichosifiwa vitabuni kwa kujitegemea kilitegemea watu ambao kilikataa kuwahesabu.

1917–1918: Kuvuka Ruvuma

Katika Oktoba 1917 majeshi yalikutana Mahiwa, karibu na Lindi. Kwa siku nne kombania za Lettow, watu 1,500 hivi, zilipigana na Waingereza wapatao 5,000, wengi wao askari wa Nigeria na Keya. Waingereza walipoteza zaidi ya nusu ya watu wao. Wajerumani walipoteza theluthi, na risasi walizozitumia hawakuweza kuzipata tena. Novemba Lettow alipunguza jeshi. Wagonjwa, majeruhi na wasio na bunduki nzuri waliachwa nyuma. Alivuka Ruvuma akiwa na Wajerumani wapatao 300, askari 1,700 na wapagazi 3,000. Kundi jingine, la Kapteni Tafel, lilikosa njia, likakosa chakula, likasalimu amri likiwa bado halijashindwa vitani.

Waingereza nao walikuwa wamegeuka. Keya iliyokuwa na batalioni tatu mwaka 1914 ilifika 22 mwaka 1918, kwa sababu askari wa Ulaya, Afrika Kusini na India waliumizwa na maradhi ya nchi kuliko walivyoumizwa na adui. Batalioni ya 6 iliundwa kwa askari waliokuwa wa Wajerumani, waliotekwa au kutoroka. Hivyo mwaka wa mwisho wa vita Mnyamwezi alimwinda Mnyamwezi, Mnyao alimwinda Mnyao, kwa amri za wazungu wa pande mbili. Lettow aliweka silaha chini Abercorn, leo Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya. Waliosalimu amri naye walikuwa Wajerumani 155 na askari 1,168. Wapagazi na wanawake walitajwa kwa jumla, baada ya orodha.

1919–1964: Kutoka Keya hadi Colito

Waingereza walipochukua Tanganyika waliondoa kapteni kwenye kiti cha mkuu wa wilaya na kumweka bwana shauri. Kombania ikarudi kambini, na polisi wakachukua kazi ya boma. Mwaka 1927 sanamu ya askari ilizinduliwa katikati ya Dar es Salaam, mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann. Maandishi yake ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanawataja wapagazi pia, lakini anayesimama juu na bunduki ni askari peke yake.

Vita ya Pili ilizitoa kombania za Afrika Mashariki nje ya nyumbani: Ethiopia, Madagaska, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na matope. Huko Burma kombania haikuwa tena ulimwengu wake. Ilikuwa kipande cha divisheni chenye redio, ndege za kushusha chakula na magari. Waliorudi walikuwa wameona jeshi lenye mpango, na wameona pia kwamba mzungu na Mwafrika hufa sawasawa lakini hawalipwi sawasawa.

Uhuru ulipokuja Desemba 1961, batalioni ya 6 ya Keya ilibadilishwa jina ikawa ya kwanza ya Tanganyika Rifles, ikakaa kambi ya Colito, Dar es Salaam, jina lililotokana na ushindi wa batalioni hiyo huko Ethiopia mwaka 1941. Ya pili ilikaa Tabora. Bendera ilibadilika, lakini maofisa wengi walibaki Waingereza, na sajini aliyetumikia miaka 15 bado aliamriwa na luteni aliyetoka shuleni. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi, wakawakamata maofisa wao, wakadai mishahara na maofisa wa Kiafrika. Kesho yake Tabora wakafuata. Serikali ikajikuta haina kikosi chochote cha kuitegemea, maana jeshi zima lilikuwa batalioni mbili, na zote mbili zimeasi. Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaomba Waingereza, nao wakashuka kwa helikopta tarehe 25 Januari.

Aliiona kuwa aibu, na akaivunja Tanganyika Rifles. Tarehe 1 Septemba 1964 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilianzishwa chini ya Mrisho Sarakikya, likiwaandika vijana kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Matawi ya chama yalifunguliwa ndani ya vikosi. Kambi ya Colito ikaitwa Lugalo: jina la ushindi wa batalioni ya kikoloni likafutwa, likawekwa jina la mahali ambapo kombania za kikoloni ziliangamizwa.

1978–1979: Kagera na brigedi

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Amin mwenyewe alikuwa zao la Keya, aliyeingia mwaka 1946 na kupanda hadi cheo cha efendi kabla ya uhuru wa Uganda. Tanzania ilijibu kwa jeshi ambalo Wissmann asingelitambua: maelfu ya wanajeshi, mgambo, JKT na polisi waliokusanywa katika brigedi, chini ya makamanda kama David Musuguri, Silas Mayunga, Mwita Marwa na John Walden. Kampala ilitekwa Aprili 1979. Wananchi walifuata habari za brigedi redioni. Kombania ilitembea ndani yake, ikipata mizinga nyuma yake na magari ya chakula kutoka mikoani, na wananchi walichanga ng'ombe, fedha na magari kwa ajili ya wapiganaji wao. Kwa mara ya kwanza katika historia hii, aliyebeba mzigo wa vita alijua ni wa nani.

Desemba 2017: Semuliki

Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulipeleka mashariki ya Kongo brigedi maalumu ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, mkuu wake wa kwanza akiwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Nchi ni kubwa na askari ni wachache, kwa hiyo brigedi ilikatwa tena, na kombania zikawekwa kwenye vituo vya mbali. Kimojawapo kilikuwa Semuliki, katika Beni, Kivu ya Kaskazini. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017 kilivamiwa na watu wanaodhaniwa kuwa waasi wa ADF. Mapigano yalikwenda kwa saa nyingi. Wanajeshi 15 wa Tanzania waliuawa na 43 walijeruhiwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulisema waziwazi kwamba ujumbe wa kulinda amani haukuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu wala kuwatoa, na kwamba ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi havikuwafikia kama ilivyopaswa.

Nikiiweka Semuliki kando ya Mahenge ya 1905, sisemi kwamba walinda amani wetu ni sawa na askari wa mkoloni. Walikwenda kulinda raia, kwa amri ya taifa lao na kwa azimio la dunia. Kinachofanana ni hesabu ya waliowatuma. Kombania ina uwezo wa kujitegemea, na uwezo huo umekuwa kishawishi kwa wakubwa kwa zaidi ya miaka 125: kwa sababu inaweza kuachwa peke yake, inaachwa peke yake. Wissmann, Zelewski, magavana na majenerali walikitumia kishawishi hicho kuitawala nchi kwa bei rahisi, na bei iliyobaki ikalipwa na mpagazi, na kijiji kilichochomwa, na askari aliyekufa njiani Lugalo.

Taifa huru halina ruhusa ya kuhesabu hivyo. Kabla kombania haijatumwa mahali, wananchi na wabunge wao wana haki ya kuuliza maswali matatu ambayo historia hii imeyaandika kwa damu: nani atailisha, nani ataifikia ikipigwa, na kwa saa ngapi. Na inaporudi, daftari lake liwe na majina yote, ya walioshika bunduki na ya waliobeba maji. Hatuwezi tena kuyapata majina ya wapagazi wa 1917. Tunaweza kuhakikisha kwamba hakuna tena anayetumikia kikosi chetu bila mstari wake katika kitabu.